Shajara ya Mazda MX-5 ya 1991: kutu ya vizingiti

Siku ya 1

Gari ni Mazda MX-5 ya mwaka 1991, ya kizazi cha kwanza, ile yenye viti viwili, turubai la kukunja na taa zinazoinuka kutoka kwenye boneti pindi zinapowashwa. Lilikuwa la mjomba wangu. Limekaa chini ya mti kwa miaka sita bila kuguswa, na mwezi uliopita akaamua kunipa kwa sharti moja, kwamba nisiliendeshe hata mita moja kabla bodi yake haijawa salama. Nina umri wa miaka 16, kwa hiyo sharti hilo haliniumizi kama alivyodhani.

Leo nimelizunguka nikiwa na tochi, sumaku na bisibisi butu. Injini, ambayo ni ya lita 1.6, iliwaka baada ya kubadilishiwa betri na mafuta, na breki zitasubiri zamu yake. Shida ni kutu. Nyuma ya kila mlango, mahali ambapo kizingiti, yaani sehemu ya bodi inayopita chini ya mlango, kinakutana na upinde wa gurudumu la nyuma, rangi imevimba. Upande wa kushoto nimehesabu malengelenge matatu, kila moja likitoshana na kifuniko cha chupa, na upande wa kulia lipo moja tu. Nimeandika kwenye daftari kwamba kazi yote itachukua wikendi mbili. Sitalifuta andiko hilo, hata likija kunichekesha.

Siku ya 2

Limeshaanza kunichekesha.

Nilipitisha sumaku polepole kando ya kizingiti cha kushoto, nayo ikawa inashika vizuri kuanzia mbele hadi katikati ya mlango, kisha ikalegea na hatimaye ikaanguka. Maana yake ni kwamba chini ya rangi hapo hakuna chuma, kuna puti. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, aliziba tundu kwa puti, akalisawazisha kwa ustadi mkubwa na kulipaka rangi, na kwa muda fulani gari lilipendeza. Nilibanja ukingo wa puti hiyo kwa patasi, ikatoka kipande kizima chenye unene wa karibu milimita 10. Nyuma yake bisibisi ilizama hadi mpini.

Nimejifunza kwa nini malengelenge yanadanganya. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka kuwa oksidi, na oksidi hiyo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huisukuma rangi kutoka ndani. Katika sehemu yenye uwazi ndani, kama kizingiti, kutu huanzia upande usioonekana na kula unene wote wa bamba kabla rangi ya nje haijainuka. Lengelenge la nje, kwa hiyo, ni habari iliyochelewa.

Siku ya 5

Mjomba amekuja kuona. Aliingiza kidole kwenye tundu, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mjomba, usikate kitu chochote kabla hujapima milango."

Sababu yake ni hii. Gari lenye paa la chuma hugawana mzigo kati ya paa, nguzo na sakafu, lakini gari la wazi kama hili halina paa la kulisaidia, na sehemu kubwa ya ugumu wa bodi hutoka kwenye vizingiti viwili pamoja na mgongo wa katikati unaopitisha shafti. Kizingiti chenyewe, kwenye ncha ya nyuma, si bamba moja bali ni matabaka matatu: la nje linaloonekana, la kati la kuimarisha, na la ndani linalogusana na sakafu. Nikikata yote matatu kwa pamoja huku gari limeegemea mahali pabaya, bodi inaweza kulegea katikati bila mimi kuona, kisha nikaichomelea ikiwa imepinda na milango isifungike tena.

Tumeliweka gari juu ya stendi nne, mbili chini ya mihimili ya mbele na mbili karibu na mahali saspensheni ya nyuma inaposhikwa, ili uzito ukae kama unavyokaa barabarani. Jeki imewekwa kando. Hatuiamini kubeba gari ambalo mtu yuko chini yake. Kisha tumepima nafasi kati ya mlango na bodi katika sehemu sita kila upande na kuziandika kwa kalamu kwenye utepe wa karatasi uliobandikwa mlangoni penyewe. Mlango wa kushoto una milimita 4.5 juu nyuma na milimita 5 chini nyuma. Namba hizo zitakuwa hakimu wangu.

Siku ya 9

Viti, zulia na mikanda vimetoka. Betri, ambayo katika gari hili iko ndani ya buti, imetolewa pia. Vioo nimevifunika kwa blanketi zito la pamba lililoloweshwa, kwa sababu cheche za grenda hujichimbia kwenye kioo na kuacha vidonda visivyofutika.

Nimekata dirisha la sentimita 30 kwa 12 kwenye bamba la nje la kushoto. Nilitarajia vumbi jekundu. Kilichotoka kwanza kilikuwa tope jeusi lenye majani yaliyooza, mbegu na vijiti, na lilijaza vikombe viwili. Lilikuwa bado na unyevu, ingawa gari halijanyeshewa kwa majuma kadhaa. Tabaka la kati limeliwa kwa urefu wa kama sentimita 20 na kubaki mithili ya nyavu. La ndani lina mashimo manne madogo lakini bado ni gumu.

Niliendelea kukata hadi nikafika kwenye chuma kinacholia vizuri kikigongwa. Hapa ndipo mikono ilinishawishi kuacha mapema, maana kila sentimita ninayokata leo ni sentimita ya kuchomelea kesho, lakini ukichomelea kwenye chuma kilichokonda waya wa mashine ya kuchomelea hutoboa papo hapo na unajikuta unafukuza tundu linalokua.

Siku ya 12

Sikukata kitu leo, na kwangu ndiyo siku muhimu kuliko zote hadi sasa.

Tope lile lilinisumbua. Majani hayawezi kuingia ndani ya kizingiti kilichofungwa pande zote, isipokuwa yaliletwa. Nilikaa ndani ya gari lisilo na viti, nikafungua turubai, na kufuata njia ya maji kwa kidole. Mvua ikianguka juu ya turubai huteremka hadi kwenye mfereji wa nyuma, hukusanywa pembeni nyuma ya kila kiti, na hapo kuna tundu la mrija unaopaswa kuyashusha maji hadi chini ya gari, mbele ya gurudumu la nyuma. Nilimimina nusu lita ya maji katika tundu la kushoto. Maji yalijaa, yakasimama, kisha yakafurika kingo na kupotelea ndani ya bodi. Baada ya muda mfupi yalianza kudondoka kupitia dirisha nililokata, taratibu, yakiwa na rangi ya chai.

Kwa hiyo kutu haikuanzia kwenye kizingiti. Ilianzia juu, kwenye tundu lisilozidi upana wa kidole, ambalo majani ya mti ule yaliliziba mwaka baada ya mwaka, huku kila mvua ikipeleka kikombe kingine cha maji mahali pasipoweza kukauka. Walioliunda gari waliweka njia ya maji. Sisi ndio hatukuisafisha. Yule aliyeweka puti naye aliziba mahali maji yalipotokea tu, akaacha yanapoingilia, na nadhani mimi ningefanya vivyo hivyo kama kazi ingeisha kwa wikendi mbili.

Nimezibua mrija kwa ganda la waya wa breki ya baiskeli, ambalo ni laini na halina ncha kali ya kuuchana mrija wenyewe. Ulitoka mche mdogo uliokuwa umeota ndani yake, una majani mawili. Nimeuhifadhi kwenye kopo, sijui kwa nini.

Siku ya 16

Wiki hii yote ni ya kusafisha. Brashi ya waya kwenye grenda huondoa kutu iliyolegea, lakini kwenye vishimo vidogo huing'arisha tu juu na kukuhadaa kwamba chuma ni safi. Kwa vishimo hivyo nimetumia asidi ya fosfori, ambayo hugeuza mabaki ya kutu kuwa fosfati ya chuma, yenye rangi ya kijivu cheusi. Nimevaa glavu na miwani, nimeacha mlango wa banda wazi, na baada ya asidi kumaliza kazi nimeiosha na kukausha chuma kabisa kwa hewa ya moto, kwa kuwa asidi iliyobaki chini ya rangi huleta shida nyingine.

Nina la kusema kuhusu dawa hizi. Zinasifiwa kana kwamba zinarudisha chuma kilichopotea, ilhali zinachoweza kufanya ni kutuliza tabaka jembamba juu ya chuma ambacho bado ni kizima. Tabaka la kati la kizingiti changu lisingeponywa na dawa yoyote, lilihitaji kutoka.

Vipande vidogo, yaani vishikio viwili na bamba la kufunikia, nimevisafisha kwa umeme. Nilijaza ndoo ya plastiki maji yaliyochanganywa na magadi ya kufulia, nikaning'iniza kipande chenye kutu upande wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12 na kipande cha chuma cha kawaida upande wa chanya. Chuma kisichoshika kutu hakifai kabisa kwenye upande huo wa chanya, kwa sababu kinaweza kutoa misombo ya kromi yenye sumu. Mapovu yanayotoka ni hidrojeni na oksijeni, kwa hiyo ndoo ilikaa nje, mbali na moto, na chaja ilizimwa kabla ya kugusa chochote.

Siku ya 20

Nimetengeneza mabamba ya kiraka. Nilikata sanamu yake kwa karatasi ngumu, nikaijaribu kwenye tundu na kuipunguza mara tano, ndipo nikaihamishia kwenye bamba la chuma: milimita 1.2 kwa tabaka la kati na milimita 1 kwa la nje. Mkunjo wa nje niliupata kwa kulikunja bamba juu ya bomba la chuma kwa mikono na kulimalizia kwa nyundo ya mbao. Tupa ilinichukua mchana mzima. Nafasi kati ya kiraka na bodi sasa haizidi unene wa waya wa kuchomelea.

Siku ya 23

Nimeharibu.

Tabaka la kati lilienda vizuri. Mjomba alichomelea nukta za kwanza, yaani vidoa vifupi vya kulishikilia bamba, mimi nikamalizia, naye akasimama nyuma yangu na kizima moto kwa sababu tangi la mafuta liko nyuma ya viti, si mbali na cheche. Mashine ina waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi, na tulikuwa tumefanya mazoezi ya siku mbili kwenye vipande vya bamba la unene uleule. Nyuma ya kila mshono nilipaka rangi ya zinki inayostahimili kuchomelewa, nikaikwangua pale pale ambapo waya utagusa, kwa kuwa zinki ikiungua hutoa moshi unaoweza kumletea mtu homa.

Kisha mjomba akaondoka, nami nikajiona fundi. Nililishika bamba la nje kwa nukta nane na, badala ya kuendelea kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, nikaunganisha nukta kwa mshono mrefu wa sentimita 8 bila kupumzika, kwa sababu mshono ulikuwa unatoka mzuri na sikutaka kuukatiza. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kopo linalobonyezwa. Bamba lilikuwa limejikunja kwa joto na kuacha bonde katikati ambalo rula ilionyesha lina kina cha milimita 4.

Chuma kikipata moto hutanuka, na kwa kuwa kimebanwa pande zote hakina pa kwenda. Kikipoa hujivuta kuliko kilivyokuwa. Nilikuwa nimesoma hayo. Nilikuwa hata nimeyaandika kwenye daftari hili hili, ukurasa wa pili.

Siku ya 24

Nilijaribu kulinyoosha bonde kwa nyundo. Limekuwa mabonde mawili.

Siku ya 31

Nimekata kiraka kile na kutengeneza kingine. Safari hii nilianza na nukta nne kwenye pembe, kisha katikati ya kila upande, halafu nikawa ninaweka nukta moja na kuhamia upande wa mbali kabisa, nikigusa bamba kwa mkono usio na glavu kabla ya kurudi. Kama mkono haukuweza kukaa hapo, nilisubiri. Umbali kati ya nukta ulikuwa kama sentimita 3 mwanzoni, kisha nikaugawa nusu, na tena nusu, hadi nukta zikakutana zenyewe. Kazi iliyonichukua dakika 20 kuiharibu ilinichukua saa 5 kuifanya.

Baada ya kusawazisha kwa diski ya msasa, bonde lililobaki halifiki milimita 1. Nilifunga mlango na kupima: milimita 4.5 juu, milimita 5 chini. Nilipima mara ya pili kwa sababu sikuamini.

Jambo moja la hatari niliandike hapa wazi. Nilitaka kusafisha mafuta kwenye kingo kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki, na mjomba akaninyang'anya. Baadhi ya dawa hizo zina misombo ya klorini, ambayo ikikutana na joto na mwanga wa kuchomelea inaweza kutoa gesi ya fosjeni, nayo huua. Tumesafisha kwa asetoni, tukaacha ikauke yote, na kopo tukalitoa nje ya banda kabla ya kuwasha mashine.

Siku ya 38

Upande wa kulia, wenye lengelenge moja, umeoza kuliko wa kushoto. Hakukuwa na puti, na tabaka la nje lilikuwa karibu zima, lakini la ndani lilikuwa limeliwa hadi ukingo wa sakafu. Mrija wa upande huo ulikuwa umechomoka kabisa, kwa hiyo maji hayakuhitaji hata kufurika. Nimeurudisha mrija mahali pake na kuubana. Kuchomelea kumechukua siku sita, na sina la kusimulia zaidi ya kwamba hakuna kilichojikunja.

Siku ya 47

Rangi. Nimekwangua mishono yote, nikasafisha, na kupaka rangi ya msingi ya epoksi moja kwa moja juu ya chuma. Puti imekuja juu ya epoksi, si chini yake, kwa sababu puti ya poliesta hunyonya unyevu, na ikikaa juu ya chuma kitupu huugeuza unyevu huo kuwa kutu mpya. Hakuna mahali puti yangu inazidi milimita 2. Nilisugua kwa msasa namba 80, kisha 180, kisha 320, nikinyunyiza rangi nyeusi nyepesi kila mara ili mabonde yajionyeshe yenyewe: pale nyeusi inapobaki baada ya msasa, pako chini. Mishono imezibwa kwa gundi ya bodi, na sehemu ya chini ya kizingiti imepata tabaka nene la kuzuia mawe.

Rangi ya mwisho na vanishi sijapaka mwenyewe. Vanishi nzuri ya sehemu mbili hukauka kwa dawa yenye isosayanati, ambayo barakoa ya kawaida ya kichujio haitoshi kukukinga nayo. Inahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Sina kifaa hicho, kwa hiyo gari limekwenda kwa mpaka rangi juu ya trela na kurudi likiwa jekundu tena. Sioni aibu kwa hilo. Rangi ni sehemu ambayo kila mtu ataitazama, lakini mimi nitajua kilicho nyuma yake.

Siku ya 55

Nimesubiri rangi ikauke vya kutosha kabla ya kuweka nta ndani ya vizingiti. Makopo yalikaa kwenye maji ya moto kwanza ili nta ilainike, kisha nikaingiza mpira mwembamba wenye tundu za kunyunyizia pande zote kupitia matundu ya kiwanda, nikausukuma hadi mwisho na kuuvuta polepole huku nikinyunyiza, mara mbili kila upande. Nta ilipoanza kudondoka kwenye matundu ya chini ya kutolea maji nilijua imefika. Nikayazibua matundu hayo kwa kijiti, kila moja, ili yasigande.

Jioni mjomba alimimina lita moja ya maji kwenye tundu la kushoto nyuma ya kiti, nami nikalala chini mbele ya gurudumu la nyuma na beseni. Maji yalitoka kwa kishindo, meupe. Tuliyapima: lita moja kasoro kidogo, na hiyo kasoro ilikuwa kwenye nywele zangu. Upande wa kulia tulifanya vilevile. Kisha tuliacha tochi ndani ya gari ikimulika sakafu tupu kwa saa nzima, na pakabaki pakavu.

Zulia litarudi kesho. Gari halitarudi chini ya mti.